Kipande Kisicho na Rangi

Nyumba ya nyuma ya karakana,
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Habari za huko? Goti lako linaendeleaje, na shemeji ameacha kukohoa? Wapwa zangu waambie mjomba wao ni mzima, ila siku hizi nyeupe na krimu naziona kitu kimoja, na hiyo kwa fundi rangi si habari njema.

Nakuandikia kwa sababu nina furaha na sina pa kuitua. Majirani nimekwisha kuwachosha.

Sisimizi wetu, uliyempa jina hilo mwenyewe kwa kutambaa kwake chini ya magari yangu, sasa ni daktari wa mifugo kamili. Alipopangiwa kazi mkoa mwingine nilimpa ile pikapu ya zamani. Kabla hajaondoka niliipiga rangi ya bluu juu mpaka chini, hata tumboni ambako hakuna anayetazama. Unanijua, sipendi kazi nusunusu.

Kumbe kule wana sheria yao. Ukihamia na gari, una siku tisini za kulipeleka likaguliwe na kuandikishwa upya, upate namba za mkoa ule. Zikipita, gari halitembei. Na wagonjwa wa Sisimizi hawawezi kupanda basi kumfuata.

Alikwenda siku ya themanini na nane, eti ng'ombe hawakumpa nafasi. Hapo nilimsema. Mkaguzi akafungua kadi, akasoma gari jeupe. Akatazama nje, akaona bluu. Akainama kutafuta namba ya chasisi, ile iliyogongwa kwenye chuma chini ya gari, asiione. Wewe ungedhani nini? Akamwambia wazi kwamba gari linabaki pale, na yeye ajiandae kueleza alikolipata.

Mdogo wangu, kosa lilikuwa langu. Kubadilisha rangi sikutoa taarifa, na namba niliifunika kwa mkono wangu, tabaka tatu. Miaka arobaini ya ufundi, nusura nimfanye mwanangu aitwe mwizi. Niliona aibu kubwa.

Na yeye wala hakunipigia simu. Aliomba thina na kitambaa, akamwomba mkaguzi achuchumae ashuhudie, akavua koti lake jeupe na kujisukuma chini ya gari mbele ya foleni nzima. Walimpa msasa akaukataa, maana ungekwangua chuma na namba ingeonekana imechezewa. Akafuta polepole. Bluu ikatoka, ikafuata ile rangi ya kijivu ya chini, kisha tarakimu zikajitokeza moja moja, mkaguzi akizilinganisha na kadi. Ya mwisho ilipooana, mkaguzi akauliza, "Daktari, haya umejifunzia wapi?"

"Kwa baba," akamjibu. "Ndiye aliyeifunika."

Baada ya fomu mbili, na onyo lililostahili kuwa langu, akatoka na namba mpya na kadi yenye jina lake. Palipoandikwa rangi, sasa wameandika bluu. Nimepiga rangi magari yasiyo na idadi, na hiyo ndiyo bluu yangu ya kwanza kuingia kwenye karatasi ya serikali.

Wiki iliyopita nilikwenda kumtembelea. Kwenye mfuko nilibeba kopo la bluu ileile na brashi, maana kile kipande cha chuma kitupu kilininyima raha. Alipokwenda kazini kwa miguu nikaingia chini ya gari. Amekipaka grisi kisishike kutu, kama nilivyomfundisha, na kina ukubwa wa kiganja chake. Nililala pale nikikitazama kwa muda mrefu. Gari zima ni kazi yangu, isipokuwa hapo tu. Nikatoka bila kufungua kopo.

Wasalimie shemeji, wapwa zangu wote, na yule mama mkwe wako mpenda ubishi. Mungu awape afya na awarudishe salama. Ukija, ile bluu tutapaka mlango wa chumba chako.

Wako akupendaye, hata ukinicheka,
Kaka yako,
Baba Sisimizi