Fromaji za Komanda

Jumatatu, 7 Septemba 1964
Nimegeuza fromaji, jibini za maziwa ya mbuzi, thelathini na moja. Zile mpya nimezipaka majivu ya maganda ya ngazi, yaani chikichi, kama Madame, Mzungu mwenye shamba, alivyonifundisha kabla hajawakimbia waasi. Yanakausha ngozi, nzi hawatui. Mbuzi kumi na wanane, wote wanakamuliwa. Binti yangu Asha ameniagizia tena kutoka Isangi: mama njoo, mwezi wa tisa umeingia. Mimba ya kwanza, na nyonga zake nyembamba. Ninaogopa.

Alhamisi, 10 Septemba
Nimekwenda kwa komanda wa waasi. Analala kitandani mwa Madame sasa. Bila karatasi yake hakuna mtumbwi unaotoka Kisangani na mtu. Alikuwa anakula fromaji, majivu kwenye masharubu. "Mama Zaina, utaenda. Maliza kwanza zile ziko kwenye rafu." Bon. Siku kumi na mbili ziive, niende. Nimefurahi.

Jumamosi, 12 Septemba
Mjinga mimi. Kila asubuhi maziwa, kila asubuhi fromaji mpya. Leo tano, kesho tano. Rafu haiishi, na komanda alijua. Papa Bolima, mchunga mbuzi wetu, amenicheka: "Mbuzi ndio wamekufunga wewe kamba."

Jumapili, 13 Septemba
Mbuzi asiyekamuliwa hukauka. Nimewaza hilo usiku kucha. Leo nimekamua asubuhi tu, jioni nimeacha.

Ijumaa, 18 Septemba
Siku moja nakamua, siku moja naacha. Wanalia uani, viwele vigumu kama mawe. Komanda nimemwambia ni ugonjwa wa majani. Akijua, ataniua, si utani. Papa Bolima amejua na hanisemeshi. Namchukia kwa sababu haki iko kwake.

Alhamisi, 24 Septemba
Mmoja amekufa, yule mweupe. Kiwele kilioza. Nimemlilia kuliko nilivyomlilia marehemu mume wangu. Aibu, lakini ndivyo.

Jumatatu, 28 Septemba
Kumi na saba wote wamekauka. Zimebaki fromaji nane. Komanda amekuja, ameangalia rafu, ametoka. Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

Jumatano, 30 Septemba
Nimefunga kanga mbili na mafuta ya kumkanda Asha. Rafuni fromaji tatu tu. Kesho karatasi, inshallah.

Alhamisi, 1 Oktoba
Asubuhi wapiganaji wameshusha mbuzi ishirini na wawili mtoni. Wa kunyang'anya, sijui kwa nani. Siku mbili mtumbwini bila kukamuliwa. "Mama, hawa iko na maziwa," komanda akasema, akaenda zake kula.
Wakalia. Ningewaacha, nao wangekauka. Siku chache tu, labda ningemwahi Asha. Nilisimama mlangoni mpaka adhuhuri. Papa Bolima alikaa ananitazama.
Kisha nikachukua ndoo. Wakanyamaza mmoja mmoja.
Maziwa yamejaa ndoo nne, na rafu itajaa tena. Kila swala humwombea Asha. Leo sikumwombea. Nimeona haya.