Kitufe cha Kupanga Matokeo

Jumatano, baada ya isha

Macho yananiuma. Tangu saa nane mchana nimekaa na mwalimu wetu, Madamu Rehema, mbele ya kompyuta ya shule, na kile kitufe cha kupanga matokeo kwenye faili la alama hakifanyi kitu. Ukikibonyeza, mashine inasema makro, yaani zile amri zinazokiendesha, hazipatikani. Jumamosi wazazi wanakuja kuchukua ripoti.

Aliyekitengeneza ni Mwalimu Chande, ambaye siku hizi anafundisha shule ya huko Mtama. Madamu akampigia na kuweka spika.

"Shikamoo, mwalimu," nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Nisomee herufi za mwisho za jina la faili."

Nikamsomea. Linaishia na x.

"Basi, mtu amelihifadhi kwa mfumo mpya. Makro hazihamii huko, zinafutika. Lakini mashine huwa inauliza kwanza."

Iliniuliza mimi. Wiki iliyopita, nikiingiza alama, yalitokea maneno marefu ya Kiingereza, nami nikabonyeza Yes upesi, kama ninavyomwitikia mama "bee" kabla sijajua anataka nini.

Niliogopa Madamu atanikataza kugusa kompyuta tena. Hata hivyo nikasema, "Ni mimi, mwalimu."

Mwalimu Chande akacheka. "Afadhali wewe umesema. Mimi nililiharibu mara mbili nikasingizia umeme! Nakala ya zamani ninayo. Kesho nawatumia."

Madamu hakucheka. Alisema tu, "Nakala hiyo haina alama za muhula huu. Zote utaziingiza upya wewe."

Ni madarasa manne. Nimechoka tayari. Lakini ufunguo wa chumba cha kompyuta, alionipa niwe naingia kuingiza alama, hakuniomba, na bado uko mfukoni mwa sketi yangu.