Kidoti cha Mke Mwenzio

Kwa mke wangu mdogo, mjukuu uliyenikimbia,

Mimi mzima, goti tu ndilo limeninunia. Lakini ile programu uliyoniachia kwenye kompyuta, ya kujengea mji wa gemu upendavyo, imenichosha! Nyumba yetu nimeijenga humo, hadi ngazi iliyovunjika. Mlangoni nimemsimamisha marehemu bibi yako, mke mwenzio. Wiki nzima nampachika kidoti chake shavuni. Nikikiweka kushoto, si yeye. Nikikiweka kulia, anakuwa mke wa jirani kabisa! Nimeitukana kompyuta mpaka shangazi yako akauliza, “Baba, unagombana na nani?”

Kompyuta haina kosa. Miaka arobaini nilimtazama, na sasa sikumbuki. Picha zake ulizibeba wewe: kidoti kilikuwa kwenye shavu lipi? Shangazi yako asijue nimeuliza.

Mumeo mkongwe,
Babu