Mahali Pulane Anaposimama

Semonkong, Julai

Mwanangu Refiloe,

Sisi hatujambo. Theluji ilifunga njia ya Maseru, sasa imefunguliwa. Blanketi ulilomletea baba yako halivui hata akiwa jikoni.

Wageni bado anawapeleka kwenye maporomoko ya maji. Farasi wetu Pulane anaijua kazi: kila mahali wageni wanapopenda kupiga picha husimama mwenyewe, na baba yako hunyoosha mkono, "Tazameni pale!" Juzi mgeni mmoja akamuuliza, "Mzee, tutazame nini?" Kumbe bonde lote lilikuwa limejaa ukungu. Baba yako akamjibu, "Ungeamka mapema ungeona, bwana!" Wakacheka wote.

Jioni alikaa na kofia yake ya nyasi mapajani mpaka uji ukapoa.

Nikasema, "Baba Refiloe, tumwandikie mtoto."

"Mwandikie habari za theluji."

Basi nimeziandika.

Pulane naye amezeeka, miguu inamtetemeka. Akifa, sijui nani atamwonyesha baba yako pa kusimama.

Ukija, mwanangu, usisimame mlangoni ukitabasamu kama ulivyozoea. Anza kusema, akujue.

Mama yako,
'Marefiloe