Nilishinda RFK

Jumapili, 5 Oktoba 2025

Nimepita uwanja wa zamani wa RFK nikitoka kanisani. Wanazidi kuubomoa. Miaka hamsini na kitu ya mechi! Ile futiboli yao ya kushika kwa mikono, mpira wetu wa miguu, timu ya mjini iliyocheza pale miaka ishirini na ushee, Kombe la Dunia la tisini na nne — mechi tano. Redioni watu wanalia. Mimi sikulia, nimekasirika. Kuna mradi huko mtaa wa Shaw unatengeneza ukuta wa majina: wachezaji, makocha, watangazaji. Wafagiaji hakuna. Sasa nani aliokota vikombe na bendera za karatasi kule juu kabisa? Sisi wanane.

Nimewaandikia ukurasa mmoja, Kiswahili safi. Jackie atatafsiri. Binti yangu anasikia kila kitu, ila kujibu ni Kiingereza tu.

Alhamisi, 9 Oktoba

Jackie ametafsiri na kutuma. Dakika kumi! Nikamuuliza, umeelewa yote? "Dad, it's easy." Haya.

Jumanne, 14 Oktoba

Wamejibu! Niende Jumamosi, nizungumze, na jina langu liko ukutani. Nilipiga honi peke yangu kwenye basi la shule ninaloendesha, tupu, barabara yote ya Lanham ikanigeukia. Ila liko jina langu tu. Hakuna shida, nitawapelekea ya wenzangu saba.

Jumatano, 15 Oktoba

Shida ipo.

Festus kapiga simu kutoka Bowie. Tulifagia naye, sasa ana nyumba ya gereji mbili. Ameona tangazo la Jumamosi. Kacheka mpaka akakohoa. "Wee Leonard, ati ulichapa Belgium? Na nini, na fagio?" Tangazo linasema: Leonard, mchezaji na mshindi, 1994. Timu gani, halisemi.

Nikaitafuta karatasi ya Jackie. Mungu wangu. Mimi niliandika, "Juni nzima nilishinda RFK." Yeye kwa Kiingereza: Juni nzima niliibuka mshindi. "Siku ya Wabelgiji tulishinda juani" — tuliwafunga juani! "Tulishinda na njaa" — tuliitokomeza njaa! Na pale niliposema tulifagia, kaandika "we swept", neno ambalo huku kwenye michezo maana yake mmewabwaga wote. Hakuna aliyekagua. Mtu akisema ameshinda, Marekani humwamini.

Nimecheka. Kisha nikaacha kucheka. Mtoto wangu hajui kwamba mtu anaweza kushinda mahali bila kumshinda yeyote. Atajuaje? "Umeshindaje" ni salamu ya jioni, na jioni zote za utoto wake mimi nilikuwa kwenye kazi ya pili. Sikuwahi kumuuliza. Imeniuma.

Alhamisi, 16 Oktoba

Nimemweleza Jackie. Alilia kidogo, halafu akawa mkali: imeshachapwa, Baba, nenda upunge mkono tu, yaishe. Anaona aibu, namwelewa.

Nikampigia Carmen, mwenye mradi. Ana sauti ya upole. Anasema ukuta ni wa waliocheza, waliofundisha na waliotangaza. Akisahihisha, na jina langu litatoka. Wafanyakazi labda mwaka ujao.

Mwaka ujao! Kati ya wale wanane, Genoveva kazikwa Bukoba. Wainaina naye ametangulia. Tunasubiri tubaki wangapi? Mexico na Italia walicheza tarehe 28, kesho yake saa sita na nusu mchana Wabelgiji na Wasaudi. Hata saa ishirini na nne hazikupita, na watu walikuta viti safi. Ile ilikuwa kazi nzuri, na tuliifanya sisi. Nataka iandikwe. Sitaki makofi ya Ubelgiji.

Festus anasema nichukue tu, niwe "star" siku moja. Nimemwambia hapana. Jina langu litoke kama ni kutoka, lakini Jumamosi nitasema ukweli mbele ya watu.

Ijumaa, 17 Oktoba

Jackie hajanisemesha tangu jana.

Nimeandika majina yetu kwenye kadi. Nimefanya mazoezi ya kusema, mara sita, mbele ya friji. Nimenunua maka pen nyeusi, nene. Sijui ya nini. Aa, najua.

Jumamosi, 18 Oktoba, saa nane mchana

Niko chooni, ukumbini Shaw. Na daftari, ndiyo.

Nilifika mapema na Jackie. Kanileta kwa gari. Ukuta ni ubao mweupe, mrefu, mzuri, lazima niseme. Jina langu liko kati ya kipa na mtangazaji. Nikatoa maka pen. "Mchezaji" nikalikata, nikaandika "mfagiaji". Chini yake: Genoveva. Wainaina. Chepngetich. Festus. Ombeni. Nikawa na haraka, herufi zimepinda.

Carmen akatokea. Hakupiga kelele, afadhali angepiga. Akaichukua ile kalamu mkononi mwangu polepole, kama unavyomnyang'anya mtoto mkasi, akaiweka mezani. Akaniomba niketi nje kwanza, atashauriana na wenzake. Jackie alikuwa mlangoni, kaona yote. Sikuthubutu kumtazama.

Nimenawa uso mara mbili. Ni hasira. Haya, na woga kidogo. Umri huu, kuchora ukuta wa watu!

Bado wawili, Solomon na yule Mrundi wetu, Venuste. Nitawataja kwa mdomo wakiniita. Na wasiponiita nitasimama hivyo hivyo. Kadi nimeisahau mezani, si kitu, hao siwasahau.

Kelele ukumbini. Kiti kinaburutwa. Carmen anasema "please, please", anamwambia nani? Watu wanacheka — hapana, wanapiga makofi. Mmoja, wawili.

Sasa mlango unagongwa. Ni Jackie, anahema. Tena kwa Kiswahili!

"Baba, fungua! Solomon nimemaliza kumwandika. Huyu Venuste — mwandiko wako kwenye kadi sisomi vizuri — anaandikwaje?"