Friji Niliichomoa Mimi

Mama,

Maziwa yaliyochacha nimeyamwaga. Friji nimeifuta na sasa inafanya kazi.

Jana niliichomoa mimi, nikimrekodi Bibi kwa kazi yangu ya mwisho ya kozi ya video, ya kuonyeshwa leo kwenye mahafali yetu chuoni. Mngurumo wa friji ulikuwa unameza sauti ya Bibi. Halafu nikasahau kuirudisha kwenye umeme.

Asubuhi ulipomwambia mdogo wangu, "Mikono yako haitulii, leo chuoni huendi," nilitafuna mkate nikanyamaza. ~~Nilikuwa nimechelewa.~~ Si kweli. Nilitaka uone cheti changu kabla hujaona kosa langu.

Yeye alijua ni mimi, akanistahi. Tafadhali njoo naye saa nane. Asipokuwepo, cheti hicho nitakipokea kwa uso gani? Gauni lake nimeshalipiga pasi.

Kifungua mimba wako