Taa Iliyozimika Kisimani

Mpendwa kaka Yusuf,

Huko uliko hapana posta, ndiyo maana nimethubutu kukuandikia. Ungeweza kunijibu, nisingeshika kalamu.

Unakikumbuka kisima chetu cha Hadado, ukame ule uliotangulia mvua za El Nino? Maji yalikuwa yamezama mbali, nawe ulishuka kila asubuhi kuchimba tope, mimi nikishika kamba juu. Ulikuwa ukiimba wimbo wa ngamia humo shimoni. Sauti yako ilikuwa mbaya, aboowe, kaka yangu, hata ngamia waligeuza shingo! Nilikuwa nikikucheka.

Sheria tuliijua sote: kandili hutangulia, mtu hufuata. Ikizimika, chini kuna hewa mbaya na hakuna anayeshuka.

Siku moja ulinituma mafuta ya taa. Mimi, msomi niliyemaliza kidato cha nne, nikakaa kwenye kibanda cha chai nikisikiliza mpira redioni hadi duka likafungwa. Kesho yake niliteremsha kandili ikazimika hata nusu haijafika. Nikajua ni mafuta yamekwisha, na kosa ni langu. Nikaivuta upesi.

"Taa imefika?" uliniuliza, ukikaza kikoi kiunoni.

"Imefika, aboowe. Inawaka vizuri."

Nilidanganya ili usinigombeze. Ni hilo tu, hakuna lingine.

Wimbo ulikatika katika ubeti wa pili. Nilikuita, nikavuta, majirani wakaja tukavuta pamoja. Ulipofika juu ulikuwa umeshatutoka.

Tulipotoka kukuzika, nikaibeba kandili kurudi nyumbani. Nilisikia mafuta yakicheza ndani. Hooyo, mama yetu, akasema kwa kilio kwamba alfajiri ile aliazima kwa jirani akaijaza, kwa kuwa alijua nimesahau.

Daktari wa zahanati, yule aliyetoka bara, alikuja kutupa pole. Baba akamwonyesha kandili. "Taa hii nadanganya sisi, daktari," alisema, kisha akaibonda kwa jiwe. Mimi nikainama nikaokota vioo.

Waswahili husema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imenifikisha hadi ualimu, na baba amekufa akiamini ni taa. Naona haya, kaka. Hooyo husema Mungu ndivyo alivyopanga, nami huitikia amina bila kumtazama. Hata barua hii nimeiandika kwa Kiswahili, lugha asiyoijua. Natubu huku nimejificha.

Kesho baada ya swala ya alfajiri nitaketi miguuni pake nimwambie yote kwa Kisomali. Akinifukuza, nitaondoka, ni haki yake. Lakini wewe ndiwe uliyeuliza kwanza, basi pokea jibu nililokunyima.

Imezimika, aboowe. Usishuke.

Ni mimi mdogo wako, uliyeniamini ukanikabidhi kamba